Mbuzi wa Mifupa Anapanda Bato Kesho

Kavira, mutoto wa mutoto wangu,

Kaa chini kwanza. Usisome barua hii umesimama na mukate mudomoni, nakujua. Nimechana karatasi katikati ya kaye yako ya zamani ya hesabu. Kama unataka kunikasirikia juu ya kaye, kasirika sasa, umalize, halafu uendelee. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa shule ya primere tu, kwa hiyo usianze kuhesabu makosa yangu ya kuandika. Makosa yenye nataka uhesabu ni mengine, na nimeyaleta humu kwa mukono wangu mwenyewe.

Jua bado liko juu. Wewe umeenda Himbi kuwaaga wale watu wenye waliweka kazi yako katika salon yao, sebule ile kubwa, na umesema utarudi kabla ya chakula. Mimi nimekaa mulangoni, sufuria ya sombe inachemka nyuma yangu, na mbele yangu amesimama mbuzi wako wa mifupa, amefunikwa gunia mbili zilizoshonwa pamoja, kama mugonjwa mwenye kupelekwa hospitali. Kesho asubuhi munapanda bato ya kuvuka ziwa kwenda Bukavu, wewe na yeye. Ule mama mwenye kuchonga sanamu, mwenye alikuambia kwa telefone "Kuja ufanye kazi kwangu miaka miwili, na ulete huyo mbuzi," anawangojea.

Kavira, niko na furaha mupaka naona haya. Nimefagia parsele mara mbili leo. Nimegombana na kuku. Nimemuimbia mutoto wa jirani wimbo wa Noeli na Noeli iko mbali. Kila nikikaa miguu inasimama yenyewe. Mutu wa umri wangu hapaswi kuwa hivi, lakini nani amewahi kuniambia namna ya kuwa nikamusikiliza?

Sitakuambia ule, utakula ukisikia njaa. Sitakuambia usivae ile sketi fupi, utaivaa tu, na baridi ya Bukavu itakuambia mwenyewe. Mama yako kule Kiwanja, katikati ya magunia yake ya maharagi, amekwisha kukuambia hayo yote kwa telefone, na mengine atayasema hata bato ikiwa imetoka. Mimi nataka kuandika mambo yenye sikuweza kuyasema miaka hii yote, na wewe unanijua kwamba mudomo wangu hauna mulango. Kwa hiyo ujue ni mambo magumu.

Nianze na baba yangu, maana hujamujua.

Kwetu milimani, upande wa Butembo, baba alikuwa na mbuzi na shamba la ndizi kwenye muteremuko. Mbuzi akifa au akichinjwa, nyama tunakula, ngozi inauzwa, lakini kichwa na mifupa baba hakuruhusu mbwa waguse. Alikuwa anachimba chini ya mugomba, anaiweka pale, anafunika, anapigapiga udongo kwa muguu. Siku moja nilimuuliza, nilikuwa mudogo, labda miaka saba, "Baba, unamuzika mbuzi kama mutu?" Hakugeuka hata. Akasema, "Sijamuzika. Amerudi kazini."

Basi. Ndio yote aliyosema. Alikuwa mutu wa maneno machache, sijui mimi nimetoka wapi. Lakini ule mugomba ulikuwa unatoa mukungu wenye watu wawili wanabeba.

Hilo neno nililisahau miaka mingi sana. Nilikuja Goma na muzee wangu, bwana wangu, tukajenga juu ya haya mawe meusi ya volkano yenye huwezi hata kuchimba shimo la kuku. Huku mutu anasahau udongo. Nilisahau baba. Ndio maana ulipoanza kuokota mifupa yako sikumukumbuka. Niliwakumbuka majirani tu.

Sasa Madame.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Madame alikuwa mbuzi wangu mweupe mwenye kiburi, alikuwa hapiti penye matope, ndio maana tulimuita hivyo. Ukisema sisi wawili tulifanana, sawa, sema. Alivunjika muguu wa mbele wa kushoto alipoanguka kwenye mawe, na kila mutu akasema, "Mama Katungu, chinja huyo." Nikasema hapana. Nilimufunga vijiti na kitambaa cha kikwembe changu, nikamulisha kwa mukono siku nyingi, akapona. Alitembea akichechemea kidogo, lakini kiburi kile kile.

Kisha nikamuua mimi mwenyewe.

Hatujawahi kuzungumza hivyo. Tumekuwa tukisema "Madame alikufa na mazuku," kama vile mazuku ilikuja nyumbani kumuchukua. Haikuja. Kila mutu wa huku anajua mashimo yale ya upande wa ziwa, pale hewa mbaya inatoka chini ya mawe na kulala ndani kama maji. Haionekani, haina harufu, na asubuhi upepo ukiwa bado haujaamka, chochote chenye kinashuka hakipandi. Kila mutu anajua. Muzee moja, papa mwenye shamba la karibu, aliniambia kwa mudomo wake, "Mama, usifunge mbuzi pale, shimo lile ni baya." Lakini majani yalikuwa mazuri pale, mabichi, marefu, maana hakuna munyama mwenye anayala. Nikamujibu, "Ulinisaidia kumununua?" Nikamufunga jioni, nikiwaza nitamutoa mapema.

Asubuhi alikuwa amelala chini na kamba shingoni, karibu yake ndege wawili wadogo na panzi wengi. Wewe ulikuwa unataka kushuka kumukumbatia. Nilikushika kwa nywele, unakumbuka? Nilikupiga kofi. Watu walidhani nakupiga juu ya kulia. Nilikupiga juu ya woga, na nilikuwa najua nani alifunga ile kamba. Tulimuacha pale. Nilisema mbele ya wote kwamba kamba ilikatika, akashuka mwenyewe. Huo ni uongo wa kwanza. Uandike.

Sikujua kwamba wewe, baadaye, ulikuwa unarudi.

Ulipokuwa na miaka kumi na tatu nikapata lile gunia chini ya kitanda chako. Nilikuwa natafuta panya! Nikavuta gunia, nikaona fuvu la mbwa, mifupa ya ndege midogo kama sindano, taya za samaki wa pwani ya Kituku, na mambo yenye ulikuwa umekwisha kuyafunga kwa uzi: ndege mwenye mabawa ya miiba ya samaki, kitu kingine sikujua kama ni nyoka au ni mukufu. Leo naweza kusema kilikuwa kizuri. Siku ile niliona jasho tu.

Na nani alikuwa amesimama mulangoni akiomba chumvi? Mama Furaha. Nani mwingine?

"Eh! Mama Katungu! Mutoto analala juu ya hiyo?"

"Ni mambo ya shule."

"Shule gani inafundisha makaburi?"

Nilitaka kumujibu. Mimi, mwenye kujibu kila mutu! Lakini mbele ya macho yangu niliona avenyu yote ikiongea. Unajua hapa kwetu mutoto akisemwa ni muchawi, jambo haliishi kwenye maneno. Basi, nikachukua lile gunia nikalitupa ndani ya shimo la W.C. mbele yake, ili aone, ili akaseme kwamba Mama Katungu ametupa. Ulirudi kutoka shuleni ukanikuta namwaga majivu juu. Hukulia. Uliangalia lile shimo, ukaniangalia mimi, ukaingia ndani. Ningependa ungelia.

Na hapo ningeweza kuachia. Sikuachia.

Nilikupeleka kwenye kile chumba cha maombi. Mimi, Mukatoliki mwenye kukaa benchi ya pili kila Jumapili, nilikupeleka kwa watu wenye sikuwajua, kwa sababu Mama Furaha alisema pasta wa pale "anafungua watoto." Siku tatu bila chakula. Maji kidogo. Wewe umepiga magoti juu ya sakafu ya sima, na wale watu wakikuzunguka wanapiga kelele, "Sema umekula nani! Sema umekula nani!" Na wewe sauti imekwisha, midomo imepasuka, ukasema, "Sijakula mutu. Nimeokota."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma yako pamoja na mama wengine. Nilisikia. Nilikuwa najua kwamba unasema kweli, maana mimi ndio nilikulea na ninajua sauti yako ikidanganya. Na pasta aliposema, "Anaficha bado," mama wote wakasema Amina.

Nami nilisema Amina.

Nimeandika hilo neno hapa juu na nikaliangalia muda murefu, sombe ikaanza kuungua, nimeenda kuongeza maji nikarudi. Liko bado. Sikukutoa pale kwa sababu nilipata akili, Kavira. Usiniwekee heshima yenye sina. Nilikutoa kwa sababu ulianguka, na nikaogopa utanifia mikononi na mama yako atatoka Kiwanja. Nilikubeba mugongoni kama mutoto wa mwaka moja, na njia yote ulikuwa na kichwa begani kwangu. Hata "pole" sikusema. Niliwaza: nikisema pole, nitakuwa nimekubali.

Huo ndio ujinga wangu mukubwa, na kama kuna kitu kimoja unachukua kwangu, kichukue hicho: nilifikiri mutu akikubali kosa anapungua. Nilikaa na kosa langu nyumbani miaka saba, nikilipikia, nikililaza, ili tu nisipungue. Na angalia, nimepungua kabisa, hata sketi inanianguka.

Lakini nilifanya jambo moja, na sijui kama ulilielewa. Wiki mbili baadaye nilikuamsha nikasema, "Vaa viatu." Nilichukua kijiti kirefu, nikafunga kitambaa chenye mafuta kwenye ncha, tukaenda mupaka kwenye shimo la Madame. Ulidhani ni adhabu nyingine. Nikawasha moto, nikateremusha kijiti polepole ndani ya shimo. Moto ukazimika kama mutu ameupuliza. Nikakuambia, "Hapa usishuke kupita magoti yako. Moto ukizima, wewe pia utazima." Tukakaa juu ya mawe, tukangoja jua lipande na upepo utoke ziwani. Saa sita nikateremusha tena. Moto ukawaka mupaka chini kabisa. Nikasema, "Sasa shuka. Hesabu mupaka mia moja, upande." Na nikashika kamba yenye nilikufunga kiunoni.

Ulipopanda ulikuwa na bawa zima la korongo mukononi, na ulikuwa unacheka.

Mutu mwingine angesema "nisamehe." Mimi nilikufundisha moto. Nilidhani inatosha. Kusema kweli nilikuwa najivunia sana, nilidhani nimekuwa mwerevu: nimelipa bila kusema. Hapana. Moto ulikuwa wa kukulinda usife. Neno lilikuwa bado lako, na sikukupa.

Baada ya pale, ile miaka ilikuwa tamu, sivyo? Siwezi kuandika huzuni tu, mimi si mutu wa huzuni. Mimi na wewe pwani ya Kituku, wavuvi wanatucheka, "Mama, samaki wako huku, wewe unaokota miiba!" Nami nawajibu, "Wako wanaoza kesho, wangu hawaozi." Mimi ndio nilikuonyesha majivu ya ndizi yenye yanatoa mafuta ndani ya mufupa kuliko ile sabuni yako ya unga. Wewe ulinionyesha kwamba siafu wanasafisha kichwa vizuri kuliko kisu, wanaingia hata ndani ya pua. Tulikuwa tunabishana juu ya kuchemusha. Bado nasema kuchemusha kunaharibu. Usiniambie habari za Internet. Ndege wako wa mwaka ule alivunjikavunjika kwa sababu ulimuchemusha, na unajua.

Na yule papa mwenye koti, mwenye alikuja na kichwa cha nyani ndani ya mufuko mweusi, bado kinavuja damu. "Mademoiselle, mali safi kutoka msituni, naweza kukuletea kila wiki." Ulirudi nyuma kama mutu mwenye kuona moto. Ulimuambia kwa sauti ya chini kabisa, "Papa, huyo hakufa. Huyo aliuawa kwa ajili yangu. Sitaki." Nami nilikuja nikakugombeza, nikasema umemufukuza mutu mwenye anakuletea kazi mulangoni. Kosa. Andika hilo pia. Baba yangu angekupigia makofi. Kule Bukavu watakuja wengine wenye makoti, na watasema vizuri kuliko yule. Wewe una sauti yako ya chini, itumie. Mimi nilikuwa napiga kelele maisha yote, na kwenye siku yenye ilihitaji kelele, nilisema Amina.

Sasa nakuja kwenye ekspozisyo, yale maonyesho ya kazi yako kule Himbi. Shika benchi.

Uliniomba mara tatu nije. Nikasema goti linauma. Ukasema utaleta pikipiki mupaka mulangoni. Nikasema goti linauma hata kwenye pikipiki. Goti langu ni zima, Kavira. Niliogopa kwamba wamama wa kanisa watasikia nilikuwa ndani ya nyumba yenye mifupa. Ulienda peke yako na ile nguo ya kijani, ukarudi peke yako, ukasema tu, "Watu walikuwa wengi." Nikasema, "Mm."

Lakini kesho yake, ulipokuwa kwa rafiki zako, nilivaa kikwembe cha Pasaka na nikaenda Himbi kwa miguu. Wewe hujui hilo! Hata leo hujui! Nimelifunga mudomoni wiki tatu mupaka meno yanauma.

Niliingia. Sentineli, yule mulinzi wa mulango, ananiangalia kama nimekuja kuomba kazi ya kufua. Nikapita karibu na ndege wako, nikapita karibu na samaki, najua wote hao, nimewaosha. Kisha nikageuka, na katikati ya chumba, chini ya dirisha, amesimama mbuzi.

Sikuelewa mara moja. Ulikuwa umenificha kazi hiyo, uliifanyia kwa rafiki yako. Niliona mbuzi jike mukubwa, kichwa juu, kile kiburi. Mbavu zake ziko wazi kama kitunga. Ndani ya mbavu umeweka udongo juu ya kiota cha ndege, na kutoka kwenye udongo, Kavira, kutoka tumboni kwake, maharagi yameota! Mabichi! Yanapanda kwenye mbavu, yanashika uti wa mugongo, moja limetoa ua jeupe karibu na shingo! Na nikaangalia muguu wa mbele wa kushoto. Kuna uvimbe kwenye mufupa, pale chini ya goti, kama fundo kwenye kamba. Vidole vyangu vilijua kabla ya macho. Ule uvimbe niliufunga mimi, kwa vijiti na kitambaa changu.

Nikapiga kelele. "Huyu ni Madame! Huyu ni mbuzi yangu!"

Sentineli akaja mbio. "Mama, usiguse kazi!"

"Kijana, nimemushika muguu huu siku arobaini, unaniambia nisimuguse?"

"Mama, ni sheria ya nyumba."

"Na hayo maharagi, unajua yametoka wapi? Hayo yenye mistari myekundu ni mbegu yangu! Ameiba kwenye kitunga changu!"

Watu wakaja, wazungu wawili na wanafunzi, wote wananiangalia, na mimi nalia na kucheka, kamasi inatoka puani. Mwanafunzi moja akaniuliza, "Mama, wewe ndio koko, bibi yake Kavira?" Nikasema, "Ni mimi!" Nilisema kwa nguvu, kama mutu ameita jina langu kwenye orodha. Akanisomea kile kikaratasi chenye uliweka ukutani, maana machozi yalikuwa yamejaa. Kilisema: *Madame. Alifugwa na koko yangu, mwenye alimufunga muguu ukapona.*

Basi. Hukuandika nani alimufunga kwenye shimo, na nafikiri ulikuwa unajua, maana kamba ilikuwa bado shingoni ulipoenda kumuchukua, na haikuwa imekatika. Hukuandika W.C. Hukuandika chumba cha maombi. Ulikuwa na ukuta mzima wa kuandika, na ukaandika ule muguu tu.

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu yao inayong'aa. Na hapo ndipo baba yangu alirudi kichwani mwangu, na muguu wake unapigapiga udongo. Amerudi kazini. Wewe hujawahi kumuona, sijawahi kukuhadithia, na umefanya kitu kile kile, tena juu ya mawe, pasipo na udongo wa kuchimba. Nataka uelewe kwa nini nina furaha namna hii. Nilifikiri nimeua kile kitu cha kwetu kwa ujinga wangu. Kumbe kilikuwa kimepita chini yangu, kimetokea kwako.

Leo mchana, ulipotoka tu, Mama Furaha alikuja. Unajua namna anavyoingia, macho mbele, miguu nyuma.

"Mama Katungu, Kavira anasafiri na muzigo gani mukubwa hivyo?"

Miaka yote nimemujibu "muhogo." Muhogo kwenye gunia, muhogo kwenye beseni, hata siku moja fuvu lilikuwa linaonekana pembe, nikasema muhogo. Leo nilisimama, nikashika zile gunia mbili nikazivua.

"Ni Madame," nikasema. "Unamukumbuka. Mimi ndio nilimufunga kwenye shimo akafa, kamba haikukatika. Na mutoto hakula mutu. Aliokota."

Mama Furaha alisogea karibu. Halafu akazunguka mbuzi polepole, akainama kwenye mbavu. Unajua alisema nini? Alisema, "Haya maharagi yanataka maji." Akaenda kwake akaleta kikombe. Sijui kama hiyo ni pole yake. Labda na yeye amesomea shule moja na mimi. Nilimuacha amwagilie. Kisha nimemufunika Madame tena juu ya kuogopa jua, si juu ya kuogopa watu, usianze kuniuliza.

Sasa neno. Naliandika kubwa ili usiseme hukuliona.

NISAMEHE, KAVIRA.

Nisamehe juu ya kofi la shimoni na uongo wa kamba. Nisamehe juu ya gunia. Nisamehe juu ya siku tatu, na juu ya Amina yangu kuliko vyote. Sikuambii unijibu kwa mudomo. Mimi nimechukua miaka saba, siwezi kukudai jibu kabla ya bato kutoka. Na usinijibu juu ya huruma kwa sababu mimi ni muzee na wewe unasafiri. Huruma ya namna hiyo inaniudhi.

Tutafanya hivi. Kesho asubuhi nimekataa pikipiki na nimekataa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea muzigo. Madame ataenda mupaka bandarini mugongoni kwangu, wazi, bila gunia, katikati ya avenyu, watu wakiwa wanafungua milango. Mifupa mikavu haina uzito, na mimi nilibeba magunia ya makala ya kupikia kutoka Rutshuru wakati mama yako alikuwa tumboni. Mukanda wa kubebea nimeutoa, uko mezani. Lakini unajua namna sisi wamama wa huku tunavyobeba: muzigo mugongoni, mukanda kwenye paji la uso. Na unajua mutu hawezi kujitwika peke yake. Anachuchumaa, mwingine anainua, anauweka mukanda pale panapofaa, anasema, "Simama."

Nitachuchumaa mulangoni, mugongo wangu kwako. Sitageuka kukuangalia uso.

Kama umenisamehe, nitwike. Kama bado, beba wewe mwenyewe, rafiki zako watakuja kukuinulia, na mimi nitatembea mbele nikikufungulia njia na kumugombeza kila mwenye atasogea karibu na pembe zake. Vyote viwili ni vizuri kwangu. Hapana, nadanganya tena. Kimoja ni kizuri zaidi. Lakini chagua wewe, na usichague haraka kwa sababu magoti yangu yameinama. Nimekuambia ni mazima, yanaweza kungoja.

Mimi koko yako,
Mama Katungu